Sauti Iliyobaki Redioni

4 Februari

Mdogo wangu Bonge,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Karatasi ya kwanza msomee Mama kama kawaida, kwa sauti, wala usiruke neno. Hii ya pili ni yako peke yako. Isomee karakanani kwako, kati ya mageti yako na madirisha, halafu ichome.

Mama nimemwandikia kwamba operesheni imekwenda vizuri, uvimbe wa shingo umetolewa wote, haukuwa ule ugonjwa tuliouogopa, na daktari amesema sauti ipumzike kidogo. Yote ni kweli isipokuwa hilo la mwisho.

Daktari alikuja asubuhi, akavuta kiti, akakaa. Daktari akikaa, ujue kuna jambo. Akauliza, "Mama unafanya kazi gani?" Shemeji yako akajibu kwa niaba yangu, "Ni mwimbaji wa injili." Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema uvimbe ulikuwa umejisokota kwenye mshipa unaoendesha sauti, na katika kuutoa, mshipa umeumia. Unaweza kuamka, unaweza usiamke. Nikamuuliza, "Usipoamka?" Hakusikia. Nikarudia. Hakusikia. Shemeji yako akainama, akaweka sikio karibu na mdomo wangu, kisha akampelekea daktari swali langu kama mkalimani.

Mimi, Bonge. Mimi ambaye Baba aliniita Chiriku kwa sababu sikujua kufunga mdomo hata nikilala.

Tafadhali usinipigie simu. Kinachotoka kooni sasa ni kama kiti kinachoburutwa kwenye sementi, na sitaki ukisikie, wala Mama asikisikie. Ujumbe pia usitume. Simu yangu anayo shemeji yako, ndiye anayeyajibu makanisa yaliyonialika. Niandikie. Mwandiko wangu bado mzima.

Dada yako,
Chiriku

*

21 Februari

Dada yangu, shikamoo,

Karatasi ya kwanza nimeisoma mbele ya Mama, mbele ya jirani muuza mboga, na mbele ya kuku wa jirani muuza mboga. Mama alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Sauti inapumzika? Imechoshwa na nini? Mimi nimebeba maji maisha yangu yote, mgongo haujapewa likizo hata siku moja." Watu wakacheka. Baadaye nikamkuta anaipangusa picha yako, ile ya jalada la kaseti yako ya kwanza. Inapanguswa hata kama haina vumbi.

Karatasi ya pili nimeichoma kama ulivyosema. Lakini maneno hayakuungua.

Sijui nikuandikie nini, Dada. Chuma kikipinda nakijua, nakipasha moto nakinyoosha. Mshipa wa sauti sijui hata unafananaje. Nimeuliza watu bila kukutaja jina, na kila mmoja ana dawa: tangawizi, asali, chumvi ya kusukutua, kutokunywa maji baridi. Nakutumia zote, chagua mwenyewe. Mtu anayezama hushika hata jani.

Huku hakuna neno. Mama mzima. Anatembea mpaka getini na kurudi, anagombana na redio, anakula vizuri. Wewe shughulika na afya yako tu.

Mdogo wako,
Bonge

*

9 Aprili

Bonge,

Nimejaribu tangawizi, nimejaribu asali. Nimekuwa mtamu na mkali, lakini bubu.

Jumapili nilikwenda kanisani, nikakaa nyuma. Nimegundua jambo: watu wakijua huna sauti, wanakupigia kelele kama kiziwi. "UNAENDELEAJE, DADA?" Kila mtu anageuka. Nafasi yangu ya kuongoza wamempa binti mmoja mwembamba, mpya kwenye kwaya. Nilitamani aimbe vibaya, Mungu anisamehe. Aliimba vizuri. Mchungaji akanitazama kutoka madhabahuni kwa huruma ambayo afadhali angenirushia kitabu cha nyimbo.

Shemeji yako ananitunza. Anapika, ananisoma midomo kabla sijamaliza sentensi. Ila siku hizi anajifungia kwenye kile chumba chake cha kurekodia, kile chenye trei za mayai ukutani. Nikipita koridoni nasikia sauti yangu ya zamani ndani, yale mazoezi tuliyorekodi mwaka jana kabla sijaugua. Akisikia nyayo zangu anapunguza. Namwacha. Kila mtu ana namna yake ya kukaa matanga.

Hujaniambia habari za Mama katika barua yako iliyopita zaidi ya mistari miwili. Wewe na mistari miwili mmejuana lini? Anaendeleaje kweli?

Chiriku

*

2 Julai

Dada! Dada! Dada! Shikamoo mara tatu!

Nisamehe mwandiko, naandika mbio mbio. Jana mchana nilikuwa naunganisha bawaba za geti, miwani ya kuchomelea usoni, sisikii wala sioni. Mara muuza mboga akaja mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi: "Zima hilo dude! Washa redio!" Nikawasha. Kabla hata ya neno la kwanza nilijua ni wewe. Ile pumzi unayoivuta kabla ya kuanza, naijua tangu tukilala chumba kimoja. Halafu ukaanza: "Mlango haukufungwa..." Dada, niliketi juu ya rundo la nondo nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Nikakimbia ndani. Mama alikuwa amesimama. Amesimama mwenyewe, kashika ukingo wa meza, kichwa kimeinamia redio. Aliponisikia akainua kidole ninyamaze. Wimbo ulipokwisha, mtangazaji akasema, "Huyo ni mwimbaji wetu mpendwa aliyerejeshewa sauti kwa muujiza." Mama akasema, "Huyo ni wangu. Huyo nimemzaa mimi." Akalisema kwa redio, akalisema kwa muuza mboga, akalisema kwa mtu wa kusoma mita aliyekuwa anapita zake.

Sasa niruhusu nikugombeze kidogo. Mbona tumesikia kwa mtangazaji? Tangu Aprili tumekaa na barua moja, kumbe umepona na unarekodi. Nimeelewa, ulitaka tushtuke. Tumeshtuka. Sasa piga simu. Mama amehamia kwenye kiti cha karibu na simu, amekataa kulala mchana asije akapitwa.

Mdogo wako mwenye furaha,
Bonge

*

17 Julai

Bonge wangu,

Kaa chini kabla hujasoma.

Sijapona. Ulichokisikia ni mimi wa mwaka jana.

Shemeji yako aliyachukua yale mazoezi, akayasafisha, akaweka kinanda na viitikio, akampelekea rafiki yake redioni. Hakuniambia. Siku wimbo unatoka nilikuwa kwa fundi cherehani, ananipima gauni, utepe wake umezunguka shingo yangu hapa penye kovu. Redio yake ikaanza kuimba, na aliyeimba ni mimi. Fundi akaudondosha utepe. "Kumbe umepona, dada!" Nikafungua mdomo nimwambie siyo. Ukatoka upepo. Akanikumbatia.

Nilifika nyumbani nikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha kurekodia. Shemeji yako akaniambia, "Nilitaka sauti yako itoke nje ya nyumba. Ilikuwa inaozea chumbani na mimi." Nikamnong'oneza, "Na huo muujiza?" Akasema rafiki yake alimuuliza kama nimepona, naye akajibu, "Mungu anaweza." Basi. Hakusema jingine. Kutoka hapo maneno yamejitembeza yenyewe.

Jumapili Mchungaji akaniita mbele. Kanisa limejaa hadi kwenye madirisha. Akanipa kipaza sauti nitoe ushuhuda. Nilikwenda nimeazimia kusema ukweli, Bonge, nakuapia. Nikasema, "Si kweli." Kilichotoka kwenye spika ni mkwaruzo. Nikarudia. Mchungaji akapaza sauti, "Amezidiwa na machozi! Mwacheni alie mbele za Bwana!" Kanisa zima likasimama. Wakawasha wimbo, watu wakaimba, mimi nimesimama katikati yao mdomo wazi, na sauti yangu inapita juu ya kichwa changu.

Kukanusha kunahitaji sauti. Sikulijua hilo zamani.

Tangu siku hiyo simu hailali. Makanisa ambayo hayakunijulia hali tangu Februari sasa yananitaka. Shemeji yako anasema niende, nisimame, niusogeze mdomo, wimbo ubariki watu, kosa liko wapi? Nimekwenda mara mbili. Ukinidharau nitakuelewa.

Kwa Mama sijui la kufanya. Wewe uko naye, amua wewe.

Dada yako,
Chiriku

*

19 Julai

Dada,

Sijapata neno lako tangu nilipokuandikia, na leo sitaki mzaha.

Mama yuko hospitali. Nilikuficha. Miguu yake ilianza kuvimba tangu Januari, na pumzi inakatika akienda hata chooni. Ile safari ya getini niliitunga, kwa sababu ulikuwa na yako ya kutosha. Sasa una heri zako, basi na haya uyajue. Moyo wake umechoka, ndivyo walivyosema.

Amelala na simu kwenye mto. Jana kaniambia neno ambalo sikulala nalo vizuri: "Mtu aliyepona haandiki, anapiga simu. Labda nimemkosea kitu." Mama anakaa anatafuta alikukosea nini, Dada. Na wewe tunakusikia redioni kila asubuhi, una nafasi ya kuwaimbia wote.

Bonge

*

28 Julai

Dada, shikamoo. Shikamoo kwa kichwa kilichoinama.

Barua yako ya tarehe 17 imefika leo, na yangu ya hasira iko njiani kuja kwako. Ukiipata ichane. Au isome, kisha unichape tukionana.

Nilikwenda wodini nimejipanga kumwambia Mama ukweli. Nikakuta amewekwa karibu na dirisha, redio ndogo kifuani, na wagonjwa wanaoweza kutembea wamemzunguka. Muuguzi mmoja akaniambia, "Mama yako ndiye dawa ya wodi hii." Mama akanishika mkono, akawaambia, "Huyu ndiye mdogo wake yule." Walinitazama, Dada, kama mimi ndiye niliyepona. Nifungue mdomo hapo niseme nini? Sauti ninayo, nzima kabisa, na haikunisaidia kitu.

Lakini usikimbilie basi. Safari ni ndefu na wewe bado unapona. Mama anaendelea vizuri, daktari amefurahi, huenda wiki hii akaruhusiwa. Maliza hayo ya huko kwanza.

Sikudharau. Hata usiwaze hivyo.

Bonge

*

10 Agosti

Mdogo wangu,

Nimezipata zote mbili, ya hasira na ya kuomba msamaha, zimefika siku moja kama ndugu waliogombana wakalazimishwa kuongozana. Namshukuru Mungu kama Mama ana nafuu.

Nikusimulie lililonifika. Juzi mchana aligonga mlango mwanamke nisiyemjua, kitenge kimezungushwa shingoni. Akaketi, akakifungua. Uvimbe, Bonge. Mahali palepale palipokuwa na wangu, ila wake umekua zaidi. Akasema alipangiwa operesheni, amesikia ushuhuda wangu, amerudi hospitali akamwambia daktari hapana. Amekuja nimwombee.

Nikamsogelea, nikamnong'oneza, "Nenda. Mimi nilikatwa." Akasema, "Najua, umefunga na kuomba ndiyo maana unanong'ona." Nikafungua kola nimwonyeshe kovu. Akaligusa kwa vidole viwili, akafumba macho, akasema, "Amina." Nikachukua kalamu nikamwandikia kwa herufi kubwa: RUDI KWA DAKTARI, SIKUPONA. Akaikunja karatasi bila kuisoma, akaitia ndani ya Biblia yake, akasema ataiweka chini ya mto ailalie. Akaondoka ananishukuru. Nikamkimbilia hadi barabarani nikipunga mikono, naye akageuka akanipungia.

Nikarudi, nikakaa chini kwenye kizingiti cha mlango.

Nimemwambia shemeji yako basi. Tumegombana. Ugomvi wetu ungekuchekesha, mmoja anapiga kelele, mwingine anapuliza kama mshumaa. Mwisho alilia. Alisema hajui kuishi na mimi nikiwa kimya. Nami sijui, Bonge, lakini mimi sina pa kutokea.

Tarehe 30 kuna tamasha kwenye ukumbi mkubwa, picha yangu imebandikwa mpaka kwenye kuta za stendi. Nitakwenda, na sitausogeza mdomo kwa wimbo wa mwaka jana. Nikitoka hapo nakuja moja kwa moja kwa Mama.

Kabla ya hapo nitampigia. Jumamosi ya tarehe 22, saa za kuona wagonjwa kama bado hajaruhusiwa. Nitamwimbia ule wimbo aliokuwa akituimbia akifua. Nimefanya mazoezi jikoni maji yakiwa yanachuruzika ili nisijisikie. Mshikie simu vizuri.

Chiriku

*

23 Agosti

Dada yangu,

Upande wako ulisikia ulichosikia, kisha ikakatika. Nakuandikia yaliyotokea upande huu, usije ukayajaza mwenyewe. Wewe ukijaza huwa unajaza vibaya.

Niliweka simu sikioni kwa Mama, nikamwambia, "Ni Dada." Uso wake, laiti ungeuona. Akasema, "Ndiyo, mwanangu?" Ukasema ulilosema. Akakunja uso. Akaniambia, "Huyu ni mwanamume." Nikamwambia, "Mama, ni yeye, koo halijakaa sawa." Akanitazama kwa huruma, kama ninayedanganywa na matapeli. Halafu ukaanza kuimba.

Akasikiliza. Nilitaka kuichukua simu, akanipiga kofi mkononi. Ulipofika ubeti wa pili ukachanganya maneno, na Mama akakukatiza: "Siyo hivyo, baba. Rudi nyuma." Akakuimbia mstari mzima. Ukaurudia. Akasema, "Eeh, sasa." Mkamaliza pamoja, wewe huko na yeye huku, na mgonjwa wa kitanda cha pili akapiga makofi. Mama akasema, "Asante, mzee wangu. Mungu akuponye kifua." Akanirudishia simu. Hapo ndipo ilipokatika, au ulipoikata, sijui.

Baadaye akawaambia wenzake, "Kuna mzee mmoja amepiga kutoka kanisa la binti yangu. Anaimba vibaya, maskini, lakini ana moyo. Nimemsahihisha." Akacheka. Akalala akitabasamu, jambo ambalo sijaliona tangu wiki iliyopita.

Nilisimama pale nikiwa na ukweli mkononi kama sahani ya moto isiyo na pa kuwekwa.

Na lingine. Hakuruhusiwa. Ile ya Julai nilikutuliza tu, na hili sikutaka lipitie kwenye simu anayoishika shemeji. Njoo, Dada. Tamasha au si tamasha, njoo.

Bonge

*

14 Oktoba

Mdogo wangu Bonge,

Kwenye msiba hatukupata nafasi ya kuongea. Nyumba ilikuwa imejaa, kila kona shangazi. Uliniuliza mara moja tu, pale tulipokuwa tunarudisha viti vya watu: "Barua yangu hukuipata?" Nikatikisa kichwa, ukageuka. Na uliona sikumsogelea shemeji yako siku zote zile. Sasa nakwambia.

Barua yako ya tarehe 23 ilifika baada ya tamasha. Posta haina kosa, ilitembea mwendo wake. Mimi tarehe 30 nilipanda jukwaani nikijua Mama ana nafuu.

Wimbo ukaanza, ile pumzi yangu ya mwaka jana, na ukumbi ukalipuka. Nikamtazama shemeji yako kwenye mitambo, nikapitisha mkono shingoni: kata. Akatikisa kichwa. Nikaufanya tena. Akaupunguza polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, mpaka ukaisha. Nikasogeza kipaza sauti mpaka kikagusa meno, nikasema, "Hii ndiyo sauti yangu. Sijapona. Daktari alinikata, akaniokoa. Mwenye ugonjwa aende hospitali." Kijana anayesaidia mitambo akaja mbio na kipaza kingine, akidhani kile kimeharibika. Watu wakacheka. Nikakichukua na hicho, nikayarudia yote, kisha nikaimba wimbo wa Mama. Kama ulivyosikika kwenye simu ndivyo ulivyosikika pale, ila kwa spika kubwa.

Wapo waliotoka. Wapo waliolia. Mwanamke mmoja alinitukana tapeli, na nikaona afadhali, huyo amenisikia. Nikadhani nimemaliza. Basi Mchungaji akapanda, akanikumbatia, akachukua kipaza: "Mmeona unyenyekevu? Ana sauti ya malaika, lakini ameificha ili Mungu peke yake atukuzwe!" Amina zikatikisa mabati. Mstari wa tatu nilimwona yule mwenye uvimbe, mikono juu, macho kafumba. Sijui alisikia lipi, langu au la Mchungaji. Nimemtafuta tangu nirudi. Pale alipokuwa amepanga wanasema amehama, hakuaga.

Nyuma ya jukwaa shemeji yako alinipa simu. Ujumbe wako wa asubuhi: Mama ametutoka alfajiri. Shemeji yako alikuwa nao mfukoni tangu kulipokucha. Alisema, "Ningekwambia, usingepanda, na ulisema lazima upande." Labda kweli. Mimi nilikuwa nimeshaimba wimbo wa Mama, na Mama hayupo, na mtu mmoja tu ukumbini ndiye aliyejua. Sikumwambia neno. Safari hii ningeweza kulaumu koo, lakini halikuwa koo.

Nilikwenda redioni kuwaomba wauache ule wimbo. Yule rafiki wa shemeji yako akanijibu kwa adabu kwamba wasikilizaji wanauomba, naye afanyeje. Asubuhi ya leo umepigwa tena. "Aliyerejeshewa sauti." Majirani bado wananipungia.

Kwa nini nakuandikia basi, na sina habari njema? Ninayo moja, ndogo.

Nyuma ya gereji moja mtaani kwetu kuna kanisa linalosali kwenye darasa la shule, madawati yamesukumwa ukutani. Niliingia kwa sababu mvua ilininyeshea. Baada ya ibada mwalimu wa kwaya, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, akaniuliza kama naimba. Nikamnong'oneza, "Zamani." Akasema, "Sikuuliza zamani. Toa sauti." Nikatoa ile ya kiti na sementi. Akainamisha kichwa, akanishusha chini, akanishusha tena, mpaka tukafika mahali ambapo haikukwaruza sana. Akasema, "Wewe ni besi. Nenda kule nyuma." Hakunijua, au kama alinijua hakujali.

Basi nimesimama na wanaume, Bonge. Kushoto kwangu seremala, kulia kwangu askari mstaafu ambaye husinzia katika maombi. Seremala alinikaribisha, "Huku nyuma, dada, hatuonekani, lakini tukinyamaza nyumba inaanguka." Wiki za kwanza niliwaharibia. Bado nawaharibia. Kuna sauti ninazozifuata hazipo, kama mtu anayekanyaga ngazi iliyong'olewa. Siku nyingine narudi nyumbani nimejaa uchungu, nafungulia maji jikoni nalia.

Jana mwalimu amenipa ubeti wa tatu, niuimbe peke yangu Jumapili, wenzangu wakivuma chini. Ubeti mmoja. Nimewahi kusimama mbele ya umati usio na mwisho nikala na embe kabla ya kuimba, na leo kikombe cha chai kinagonga meno.

Shemeji yako ameuliza kama anaweza kuja kusikiliza. Nimemwambia akae nyuma, karibu na mlango, na mitambo yake aiache nyumbani.

Dada yako,
Chiriku, wa besi